Kutunza na kupima dizeli, petroli na mafuta ya taa kwenye joto la Dodoma

Nalima zabibu Mpunguzi na namwagilia kwa pampu ya dizeli. Stoo yangu haikosi pipa la dizeli, dumu la petroli ya pikipiki na dumu dogo la mafuta ya taa. Vijana ninaofanya nao kazi wangependa kuyapanga pamoja pembeni ya ukuta. Siwaruhusu, kwa sababu joto halitendi sawa kwa yote matatu.

Anza na kiwango cha joto ambacho mvuke wa mafuta unatosha kushika moto ukikutana na cheche. Kwa petroli ni takribani nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hapa kwetu hakuna saa, hata usiku wa Julai, ambayo dumu la petroli lililo wazi ni salama karibu na kiberiti. Mafuta ya taa huanzia nyuzi 38 hivi, dizeli 55 na kuendelea. Sasa itazame hiyo 38. Mchana wa Oktoba na Novemba hewa ya Dodoma hupita 30, na dumu lililoachwa juani hushika joto kuliko hewa. Mafuta ya taa yaliyokuwa mapole asubuhi, saa nane mchana yanaweza kuwa yameshavuka mpaka. Yaweke kivulini, penye hewa, mbali na jiko. Wala usiyachanganye na petroli, hata kikombe kimoja: petroli kidogo huuteremsha mpaka huo mno, na kibatari kilichojazwa mchanganyiko huo kinaweza kulipuka mkononi mwa mtoto.

Wakisikia dizeli inahitaji nyuzi 55, wengi hulegea. Dizeli ina hatari yake nyingine. Pasipo cheche yoyote, inaweza kuwaka yenyewe kuanzia nyuzi 210 hivi, wakati petroli huhitaji kama 250 au zaidi. Ekzosi ya pampu iliyobeba mzigo mzito inaweza kupita hapo. Zima, subiri ipoe, ndipo ujaze. Ikimwagika, futa kabla ya kuwasha.

Petroli inunue dumu likiwa limekaa chini ardhini, siyo juu ya pikipiki. Kiangazi chetu ni kikavu, na hewa kavu husaidia umeme tuli kujikusanya kwenye plastiki, nao unaweza kutoa cheche.

Usijaze hadi mdomoni. Dizeli hutanuka kwa takribani sehemu 8 katika 10,000 kwa kila nyuzi moja, petroli karibu 10. Pipa la lita 200 la dizeli likipanda nyuzi 20 kutoka alfajiri hadi alasiri, linadai nafasi ya lita 3 na zaidi. Dumu la petroli la lita 20 mimi huishia 18. Kuhusu ule ushauri wa kununua alfajiri ili upate mafuta mengi, sioni faida yake: tenki la sheli limezikwa, na joto lake halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana.

Kipimo ninachokipenda ni mizani. Chukua chupa ya kioo, ipime ikiwa tupu na kavu. Weka alama shingoni, jaza maji hadi hapo, pima. Mwaga, ikaushe kabisa, jaza dizeli hadi alama ileile, pima tena. Toa uzito wa chupa kila mara, kisha gawa uzito wa dizeli kwa uzito wa maji. Kwenye nyuzi 15 dizeli nzuri huwa kati ya 0.82 na 0.86, mafuta ya taa huzunguka 0.80, petroli 0.74. Ukipima kwenye nyuzi 30, tarajia jibu lishuke kwa kama 0.01. Fanyia kivulini, moto usiwe karibu.

Ukipata 0.79 kwenye kitu ulichouziwa kama dizeli, usikitie kwenye pampu. Mafuta ya taa hayalainishi pampu ya sindano (ile inayosukuma mafuta ndani ya injini) kama dizeli, na kila lita yake hutoa joto pungufu kidogo, megajuli 34 hivi badala ya 36. Mizani haitanasa mchanganyiko mdogo. Huo hunaswa na wakaguzi kwa vinasaba, yaani alama za kemikali zinazowekwa kwenye mafuta. Tunza risiti na chupa ya sampuli iliyofungwa, andika tarehe na jina la kituo, kisha peleka malalamiko EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.