SOMO: Kompyuta ya nyumbani yenye intaneti, soma yote ndo uulize

Wakuu kila wiki napigiwa simu ileile, "kompyuta imeingia virusi nifanyeje", nimechoka kujibu mmoja mmoja kwahiyo nayaweka hapa.

1. Apdeti za Windows ziache ziingie, usizime kisa zinakula bando. WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai hela cha Mei 2017, ilipitia tundu ambalo Microsoft walishaliziba tangu Machi.

2. Ruta: badili paswedi ya kuingilia ruta yenyewe, sio ya wifi tu. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwenye wifi kwa kitufe au PIN bila kuandika paswedi.

3. Defender, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe, inatosha, iache iwake.

4. Watoto wawe na akaunti yao isiyo ya admini.

5. BAKAPU. Hapa niliumia. Eksteno yangu, ile diski ya nje ya kuwekea nakala, ilikuwa imechomekwa nyuma ya kompyuta usiku na mchana, naona nimejipanga. Mdogo wangu akashusha kreki (toleo la wizi) ya programu ya kuhariri video, ikamwambia azime antivairasi kwanza, akazima. Asubuhi mafaili yote hayafunguki, kuna ujumbe wa kudai hela kwa bitcoin, nikakimbilia eksteno nayo imefungwa yote, maana kwa kompyuta ile ni draivu kama draivu nyingine tu. Picha za mwisho za baba zilikuwa humo na kwingine sikuwa nazo. Kwahiyo chomeka, kopi, CHOMOA. Ziwe mbili, moja ikae kwa ndugu. Na kila mwezi fungua mafaili mawili matatu uone kweli yanafunguka.

MASWALI

Mdau: Mkuu naomba kreki ya antivairasi isiyo na madhara.
Jibu: Rudia namba 5.

Mdau: Mimi Windows 10 inanitosha, mbona unatutisha?
Jibu: Sijamtisha mtu. Apdeti zake za kawaida ziliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ikikubali Windows 11 weka, ikigoma weka Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa badala ya Windows, ni bure.

Mdau: Samahani mkuu, WPS ina ubaya gani? Nataka kuelewa tu.
Jibu: Swali zuri sana hili. PIN yake ina tarakimu 8, utadhani mwizi atajaribu mara milioni 100, kumbe ruta inaikagua vipande viwili. Nne za kwanza ni majaribio 10,000, zinazobaki ni tatu tu maana ya mwisho ni ya kuhakiki, hapo 1,000. Jumla 11,000, programu inamaliza ndani ya masaa au siku chache.

Mdau: Kamera za getini nazo?
Jibu: Tena hizo ndo zinasahaulika! Mirai, kirusi cha 2016, ilikusanya kamera na ruta kibao kwa kujaribu paswedi za kiwandani tu. Badili leo.

Mdau: Nyongeza, flashi za steshenari jamani. Ukienda kuprinti unarudi na mafaili yamegeuka shotikati. Mimi siku hizi namtumia yule dada PDF kwa WhatsApp, flashi inabaki nyumbani.
Jibu: Hii naiongeza kama namba 6, asante sana.