Dawa zimekatika, chumba cha upasuaji kimefungwa: jinsi ya kuidai serikali majibu Uganda

Barua nyingi za malalamiko zinazofika wilayani zina kosa moja: zinalalamikia kila kitu. Wauguzi hawatoshi, dawa hakuna, akina mama wanateseka, wagonjwa wa akili wamesahaulika. Afisa anaisoma, anakubaliana na kila neno, anagonga muhuri wa kupokea na kuifungia kwenye faili. Hakuna swali lililomlazimu kujibu.

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo cha watu, watano au sita, iwe Kasese, Arua, Busia au Bombo, kinachotaka jibu lenye sahihi na tarehe. Chagueni upungufu mmoja tu kwa wakati mmoja. Hapa tutatumia miwili kama mifano: dawa za kifafa na za magonjwa ya akili zinazokatika kwenye HC III (kituo cha afya cha ngazi ya tatu), na HC IV (kituo cha ngazi ya nne, chini kidogo ya hospitali) yenye chumba cha upasuaji ambacho hakifanyi kazi.

Kabla ya kudai, jueni kituo kinapaswa kutoa nini. HC III, ya ngazi ya kaunti ndogo, inatakiwa kuwa na huduma ya kuzalisha na maabara. Upasuaji wa kujifungua na kuongezewa damu ni kazi ya HC IV na hospitali. Mkidai HC III ipasue, mtajibiwa kwa sentensi moja na mtakuwa mmejimaliza wenyewe. Huduma katika vituo vya serikali ni bure tangu Machi 2001, isipokuwa wodi za kulipia katika hospitali. Kwa hiyo anayetozwa hela ya glavu kwenye HC III ana haki ya kuuliza hela hiyo inaingia wapi na risiti yake iko wapi.

Kwa afya ya akili mna silaha ambayo wengi hawaijui. Mkiambiwa "mpelekeni Butabika", jibuni kwa Sheria ya Afya ya Akili ya 2018. Maneno yake ya kwanza kabisa yanasema imetungwa ili watu wenye magonjwa ya akili watunzwe na kutibiwa katika vituo vya afya ya msingi. Butabika ni hospitali ya rufaa ya taifa. Si mlango wa kwanza wa mgonjwa wa Bwera kule Kasese.

Kukusanya ushahidi bila kumwanika mtu

Bohari ya taifa ya dawa, NMS, hupeleka dawa kwa mizunguko ya miezi miwili. Fuatilieni mzunguko mmoja mzima, siku 60 hivi. Chini ya hapo mtaambiwa mlifika siku mbaya. Chukueni daftari la kawaida na mchore safu nne: tarehe, dawa iliyoandikwa na mhudumu, imepatikana au la, wangapi wamerudi mikono mitupu. Majina ya wagonjwa hayaingii humo. Angalieni hata maelezo yanayoonekana hayana madhara: ukiandika "binti wa miaka 19 aliyejifungua mapacha wiki iliyopita", kijiji kizima kimeshamjua. Msipige picha wodini. Sheria ya kulinda data binafsi ya 2019 inaihesabu taarifa ya afya kuwa nyeti, na picha moja ya mgonjwa inatosha kugeuza kesi yenu ya dawa kuwa kesi juu yenu.

Dawa za kufuatilia ziwe tatu au nne, zisizidi. Kwa akili na kifafa: kabamazepini, fenobabitali, klopromazini, haloperidoli. Kwa uzazi: oksitosini na magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Kifafa kinaingia hapa kwa sababu Uganda wagonjwa wake hutibiwa kwenye kliniki hiyohiyo ya afya ya akili, na dawa zake zikikatwa ghafla degedege hurudi, wakati mwingine mfululizo bila mgonjwa kuzinduka, jambo linaloweza kuua. Siku kumi bila dawa si ucheleweshaji mdogo, na barua yenu iseme hivyo. Oksitosini nayo, inayozuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua, inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Msiulize tu kama ipo. Ulizeni kama friji inafanya kazi. Chupa inaweza kuwepo kabatini na dawa ndani yake ikawa imeshapoteza nguvu.

Muuguzi msimvute kwenye jambo hili. Hana bajeti wala mamlaka ya kutoa nyaraka, na anaweza kuhamishwa kesho. Mfanyakazi akitaka mwenyewe kufichua wizi, ipo sheria ya 2010 ya kuwalinda wafichuaji. Apeleke taarifa yake kwa IGG, mkaguzi mkuu wa serikali anayepambana na rushwa, au Tume ya Haki za Binadamu, si kwenu.

Tafuteni mlango wa kweli

Hapa ndipo vikundi vingi hupotea. Upungufu uleule unaweza kuwa na sababu tatu au nne, na kila sababu ina mwenyewe.

Tuchukue dawa. Ikiwa hazikuagizwa kabisa, NMS haina kosa. Swali linarudi kwa walioandaa oda ya kituo au ya wilaya. Ikiwa ziliagizwa na hazikuletwa, swali ni la NMS. Ikiwa zililetwa na kuisha wiki ya pili, ama kiasi kilikuwa kidogo kuliko wagonjwa, ama zimeibwa kupitia dirishani. Karatasi tatu zinatenganisha hayo: oda, hati ya kupokelea mzigo, na kadi ya stoo. Kadi ya stoo ndiyo tamu kuliko zote. Kila dawa ina kadi yake, na kila mstari unaonyesha tarehe, kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Hesabuni siku ambazo salio lilisomeka sifuri, kisha mzilinganishe na daftari lenu. Kadi ikisema kulikuwa na vidonge 400 siku ambayo daftari lenu lina watu saba waliorudishwa, hapo mna jambo la kuzungumza na IGG.

Chumba cha upasuaji kilichofungwa nacho huwa na sababu zake zinazojirudia: hakuna daktari, hakuna mtu wa nusukaputi, hakuna damu au friji yake, hakuna maji wala umeme, au daktari yupo kwenye orodha ya mishahara lakini hana nyumba ya kukaa karibu na kituo. Ulizeni moja baada ya nyingine. Kwa watumishi, ulizeni nafasi zilizoidhinishwa ni ngapi, zilizojazwa ni ngapi, na ile tupu imetangazwa lini mara ya mwisho. "Hakuna bajeti ya mshahara" ni suala la wizara na Bunge. "Tulitangaza, hakuna aliyeomba" ni suala la wilaya na nyumba ya daktari.

Mama akifariki kwa uzazi, utaratibu wa wizara unataka kifo kitolewe taarifa ndani ya saa 24 na kijadiliwe ndani ya siku 7. Msiombe faili lake. Ni siri na hamtapewa. Ombeni idadi ya vifo vya mwaka huo, vingapi vilijadiliwa, na maazimio yaliyotekelezwa.

Barua yenyewe

Ibara ya 41 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2005 zinampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa serikali. Ombi la wilayani huenda kwa CAO, mtendaji mkuu wa wilaya, kwa sababu sheria inamfanya mkuu wa taasisi kuwa afisa habari wake. Hamlazimiki kueleza sababu ya kuomba. Asiyejua kusoma au mwenye ulemavu anaweza kuomba kwa mdomo, na afisa ndiye anayeandika. Iandikeni kwa Kiingereza, kwa kuwa faili za ofisi zinakwenda kwa lugha hiyo, lakini muijadili kwanza kwa lugha yenu hadi kila mwanakikundi aweze kuieleza bila kuisoma. Mwili wa barua uwe mfupi kama hivi:

"Kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya 2005, naomba nakala za: (1) kadi za stoo za kabamazepini na fenobabitali za kituo hiki kuanzia tarehe 1 Januari hadi 30 Juni mwaka huu, (2) hati za kupokelea dawa hizo kutoka NMS katika kipindi hicho, (3) oda zilizotumwa kwa kipindi hicho."

Basi. Hakuna "kwa nini", kwa sababu "kwa nini" hujibiwa kwa hotuba. Ombeni karatasi ambayo tayari ipo.

Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe mrudi nayo. Kama kuna ada, lipeni kwa risiti. Msitaje namba za vifungu kwa kunakili barua za zamani: chapisho jipya la sheria za Uganda, lililoanza kutumika Julai 2024, limebadilisha namba nyingi.

Kuanzia muhuri huo, hesabuni siku 21. Ofisi ikinyamaza, sheria inahesabu kwamba imekataa, na mnaweza kwenda kwa hakimu mkuu. Kabla ya hapo andikeni barua fupi ya kukumbusha, nakala kwa RDC, mwakilishi wa rais wilayani, na mwenyekiti wa LC5, yaani baraza la wilaya. Mara nyingi ile nakala ndiyo inayoamsha faili.

Mkimbizi kutoka Kongo anayeishi Nakivale au Kyangwali asisahau kwamba sheria hii inasema "raia", hivyo ombi lisainiwe na jirani Mganda. Lakini malalamiko ya haki za binadamu yako wazi kwa mtu yeyote: Tume ya Haki za Binadamu ina ofisi mikoani na haitozi kitu. Haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani, kwa hiyo amueni mlango mmoja kwanza.

Mahakama ni njia ndefu. Kesi ya kikatiba, Ombi Na. 16 la mwaka 2011 kuhusu vifo vya uzazi, lilitupwa mwaka 2012, likarudishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2015, na Mahakama ya Katiba ikatoa hukumu tarehe 19 Agosti 2020: serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi katika vituo vyake ni kuvunja Katiba, na fedha za kutosha zitengwe. Miaka tisa. Faida yenu ni kwamba hukumu hiyo ipo, na mstari mmoja unaoitaja katika barua ya chumba cha upasuaji una uzito kuliko kurasa tatu za masikitiko.

Msichelewe bajeti

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Anayekwenda kulia Juni amekuta chungu kimeshaepuliwa. Nendeni kwenye mkutano wa bajeti wa wilaya, ambao kwa kawaida hufanyika Oktoba au Novemba. Mpango wa awali wa bajeti ya taifa hufika Bungeni kufikia Desemba 31, na taarifa za wizara kufikia Machi 15; hapo mbunge wenu na Kamati ya Afya wanaweza bado kusogeza fedha. Kufikia Mei 31 bajeti huwa imepitishwa. Sheria ya fedha ya 2015 inataka pia bajeti ipate cheti cha usawa wa kijinsia, na Tume ya Fursa Sawa ndiyo hushauri. Ipelekeeni takwimu zenu za uzazi mapema. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu hutoka kila mwisho wa Desemba: tafuteni ukurasa wa wilaya yenu, maana hoja iliyoandikwa na mkaguzi haiitwi siasa.

Karatasi zikija, ombeni nafasi kwenye baraza la RDC, yaani mkutano wake wa hadhara. Someni namba tatu tu: siku ambazo kadi ilisoma sifuri, watu waliorudishwa kwa mujibu wa daftari, na tarehe ya oda. Kisha muulizeni afisa wa afya wa wilaya, mbele ya watu, oda inayofuata inatumwa lini, na mwandike tarehe atakayoitaja.