Asembli ndani ya C: kusoma kihesabio cha prosesa kwa GCC

GCC, kompaila ya C, haielewi asembli (lugha ya amri za prosesa) unayoipachika kwenye C. Huinakili ilivyo na kuyaamini maelezo uliyoiambatanishia: rejista (nafasi ndogo za kuhifadhi ndani ya prosesa) zipi zinaandikwa, zipi zinasomwa, nini kingine kinavurugwa. Ukidanganya hapo, programu hukompailika bila onyo, kisha hutoa majibu ya uongo.

Mfano huu ni wa x86 ya biti 64. Amri `rdtsc` husoma kihesabio cha muda. Biti 32 za chini huingia EAX, za juu EDX.

```c
#include <stdint.h>

static inline uint64_t soma_muda(void) {
    uint32_t chini, juu;
    __asm__ volatile ("lfence\n\trdtsc"
        : "=a"(chini), "=d"(juu)
        :
        : "memory");
    return ((uint64_t)juu << 32) | chini;
}
```

Baada ya nukta pacha ya kwanza huja matokeo, ya pili maingizo (hapa hakuna), ya tatu vinavyovurugwa. Tumia `__asm__`, kwa kuwa `asm` tupu hukataliwa ukikompaili kwa `-std=c99`.

Usiache `volatile`. Bila hilo neno, GCC inaweza kuona miito miwili isiyo na maingizo, ikahesabu kwamba jibu ni lile lile, ikaitekeleza mara moja tu. Hapo tofauti ya muda inatoka sifuri, nawe unadhani msimbo wako una kasi ya ajabu! `"memory"` huizuia kompaila kuhamisha usomaji na uandishi wa kumbukumbu kuvuka hapo. Prosesa yenyewe ni suala jingine, kwani hupanga upya amri inavyotaka. Ndiyo kazi ya `lfence`, kusubiri zilizotangulia zimalizike.

Mtego wa zamani ni `"=A"`. Kwenye biti 32 ilimaanisha jozi ya EDX na EAX. Kwenye biti 64, kwa thamani ya biti 64, ni rejista moja tu kati ya hizo, hivyo nusu ya jibu hupotea.

Ukiandika amri kadhaa, na tokeo likaandikwa kabla maingizo yote hayajasomwa, weka `"=&r"`. Bila `&`, kompaila inaweza kuvipa vyote viwili rejista moja. Ukitaja rejista kwa jina ndani ya maandishi, andika `%%rax`. Na kwa mpangilio wa kawaida wa GCC, chanzo hutangulia, mahali pa kuandikia hufuata.

Hakikisha kwa `gcc -O2 -S faili.c`, usome kilicho kati ya `#APP` na `#NO_APP`. Kwa Visual C++ ya x64 njia hii haipo kabisa: tumia `__rdtsc()` kutoka `intrin.h`.