Mchaichai wa Uani: Kuupanda Mombasa Ukadumu

Mchaichai haupandwi kwa mbegu, kwani ni nadra hata kuuona ukitoa maua. Huanza na shina lenye kitako. Ukinunua fungu soko la Kongowea au Marikiti, chagua mashina manene, mabichi, ambayo vitako havikukatwa, maana mizizi hutokea pale chini kabisa. Tazama na rangi: kitako cha mchaichai wa chai huwa cheupe chenye ukijani. Kikiwa na wekundu wa zambarau, huenda ni ule wa jamii yake unaokamuliwa mafuta ya kufukuzia mbu. Huo usiutie birikani.

Punguza majani, ubakishe shina la shubiri moja. Lisimamishe kwenye gilasi yenye maji ya vidole vitatu, mahali penye mwanga pasipo jua kali. Badilisha maji kila baada ya siku mbili; yakinuka, shina limeanza kuoza, litoe. Baada ya wiki mbili au tatu mizizi hufika urefu wa kidole. Shina la kung'olewa kwa jirani, lenye mizizi yake, halihitaji haya yote.

Panda masika yakianza, penye jua kutwa. Ardhi yetu ni mchanga na mawe ya matumbawe, maji hayakai na rutuba ni haba. Chimba shimo la futi moja kwenda chini na futi moja upana, changanya udongo na nusu karai ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Zamisha kitako vidole viwili tu. Kati ya shina na shina acha futi tatu. Unaonekana mwembamba leo, mwakani utakuwa kichaka.

Kwa ndoo ya lita 20, toboa matundu manane chini, upande shina moja. Usichanganye mchanga wa ufuoni, una chumvi.

Chumvi ndiyo adui mkubwa hapa. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya magadi, na kwenye ndoo chumvi hiyo hujilimbikiza: ncha za majani hukauka, kisha kichaka chote hudumaa. Watu hudhani ni kiu, wakazidisha maji yale yale. Tumia maji ya mvua, ya mfereji, au ya kuoshea mchele. Kama huna ila kisima, mwagilia kwa wingi mpaka maji yachuruzike chini, yaondoke na chumvi. Kidogo kidogo ndiko kunakoua. Wakati wa kaskazi ndoo inataka maji kila siku, wa ardhini kila baada ya siku mbili au tatu. Masika, uache.

Majani yakipauka yote kuwa manjano, una njaa: tia makonzi mawili ya samadi. Madoa ya rangi ya kutu chini ya majani ni ukungu. Kata yaliyougua uyachome, na maji uyatie chini, si juu ya majani.

Anza kuvuna baada ya miezi minne. Kata majani ya nje shubiri moja kutoka ardhini, ukivaa mikono mirefu kwani yana makali. Ukitaka shina la kupikia, lishike chini, lizungushe, ling'oke na kitako.

Kila miaka miwili katikati ya kichaka hukauka. Kabla ya masika king'oe, kipasue kwa panga, vipande vya mashina matatu matatu, utupe kiini kikavu. Vinavyozidi mpe jirani, vitako vikiwa vimefungwa kitambaa kibichi.