Geji zikikudanganya angani: ufanyeje ukiwa na Cessna 172

Wengi tukianza kuruka tunaogopa injini kuzima, kumbe geji inayodanganya taratibu ndo mbaya zaidi, maana injini ikizima utasikia mwenyewe, ila geji ikidanganya husikii kitu, unaifuata tu kama kondoo. Hapa naongelea zile Cessna 172, vindege vidogo vya injini moja, za shule zenye geji za mviringo, za skrini zina mambo yake.

Kwanza jua kila geji inakula wapi. Ya spidi, altimita (ya kimo) na ile ya kupanda na kushuka zinakula hewa ya nje: zote tatu zinategemea kitundu cha statiki ubavuni, kinachopima hewa iliyotulia, na ya spidi inaongezea kibomba cha pito chini ya bawa la kushoto, kinachopokea upepo wa mbele. Ya upeo (inayoonyesha ndege imelala au iko sawa) na ya uelekeo zinakula pampu ya vakyumu, inayofyonza hewa kuzizungusha. Ya kona kwa kawaida inakula umeme. Ukishaelewa hilo, geji moja ikileta ujinga unaangalia ndugu zake, wakigoma wote ujue chakula kimekatika, akigoma peke yake ni yeye mwenyewe mgonjwa.

Matatizo ya pito mengi unayakamata ukiwa bado chini. Kuna asubuhi nilichungulia kibomba nikakuta udongo laini umejaa kama umesukumwa na kidole, na ndege ilikuwa imelala siku mbili tu bila kifuniko. Nyigu wamejenga humo! Usipulize kwa mdomo, utaua geji, ita fundi. Halafu ukiwa unakimbia kwenye ranwei tupia jicho geji ya spidi, injini iko nguvu zote na sindano haijaamka, vuta throtoli (mkono wa nguvu za injini) uipunguze, piga breki, rudi. Mwaka 1996 Boeing 757 ya Birgenair iliruka Puerto Plata kule Jamhuri ya Dominika, kapteni aliona geji yake ya spidi haifanyi kazi wakiwa bado ranwei, akaendelea, wakafa watu wote 189. Ndege ilikuwa imekaa siku 20 bila kuruka, na nyigu ndo wanaoshukiwa.

Ikikukuta angani: pito ikiziba mbele tu, na kile kitundu chake cha kutoa maji kiko wazi, spidi inashuka mpaka sifuri, hiyo rahisi maana unaona kabisa imekufa. Vikiziba vyote viwili ndo balaa, geji ya spidi inageuka altimita, ukipanda inapanda, we unadhani unaenda kasi unainua pua, inazidi kupanda, unainua tena, mwisho ndege inastoli, yaani bawa linaacha kuibeba, na geji bado inakusifia. Washa hita ya pito huenda ni barafu, kisha achana na hiyo geji kabisa, weka pua mahali unapopajua na RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unayoijua, ndege itakupa spidi ile ile ya siku zote. GPS inasaidia ila kumbuka inakupa spidi ya ardhini, upepo wa noti 20 (maili za baharini kwa saa) ukikupiga usoni GPS itasema 60 na kumbe hewani una 80.

Kitundu cha statiki kikiziba, altimita inaganda na ya kupanda na kushuka inakaa sifuri hata ukishuka kama jiwe. Spidi nayo inadanganya: ukiwa juu ya pale ilipoziba inasoma pungufu, ukiwa chini yake inasoma zaidi, yaani wakati wa kutua ndo unaenda polepole kuliko unavyoona. Vuta nobu ya statiki ya akiba, altimita itasoma juu kidogo, zoea tu. Ndege haina nobu hiyo? Vunja kioo cha ile geji ya kupanda na kushuka, hewa ya ndani iingie. Fundi atanuna, sawa.

Vakyumu sasa. Pampu ikifa, gairo (gurudumu linalozunguka ndani ya geji) haisimami hapo hapo, inapungua polepole na geji ya upeo inalala kidogo kidogo, na we kwenye mawingu unalala nayo. Oktoba 2000 kule Missouri, Marekani, gavana Mel Carnahan na wenzake wawili walikufa kwenye Cessna 335 usiku, hali ya hewa mbaya, na geji ya upeo ya upande wa rubani ilikuwa imekufa. Kwa hiyo kila dakika chache tazama geji ya vakyumu, na upeo ukipingana na geji ya kona pamoja na altimita, fuata hizo mbili. Halafu chukua kipande cha karatasi uifunike iliyokufa, siyo utani, jicho litairudia tu usipoifunika. Ya uelekeo nayo inakula vakyumu, kwa hiyo kona kata kwa saa: digrii 3 kwa sekunde, kwa hiyo digrii 90 ni sekunde 30, nyoosha, subiri dira ya maji itulie ndo uisome. Na sema redioni mapema. Penye rada, kontrola (mwongoza ndege aliye chini) anaweza kukwambia "anza kukata kulia" na "acha", we unatii tu.

Haya yote yafanyie mazoezi na mwalimu siku ya jua, afunike geji ya spidi tangu kuruka mpaka kutua. Namba zangu nimeziandika kwa kalamu nyuma ya cheklisti: RPM 2300 ndege ikiwa sawa, haipandi wala haishuki, karibu noti 100. RPM 1500 na flapsi (vibawa vya nyuma ya bawa) kidogo, pua chini kidogo, karibu 70. Za ndege yako zitatofautiana, ruka uzipate mwenyewe.