Kumalizana na mlalamishi kesi ikiwa kortini (Kenya)

Kila wiki napigiwa simu: "Tulishasameheana, mbona bado naitwa kortini?" Naandika mara moja, msome.

1. Hakikisheni kosa lenyewe linasuluhishika: makofi, matusi, vurugu za majirani. Unajisi na ubakaji msahau, hata wazee wakikaa kikao.

2. Kubalianeni.

3. Andikeni, na mlalamishi aape hati ya kiapo kwa hiari yake.

4. Hapa ndipo nilipoangukia pua. Nilimzaba jirani kofi kwa ajili ya mpaka wa shamba. Nikamlipia matibabu, akaenda kituoni kusema yamekwisha, na kiongozi wa mashtaka akaiondoa kesi kwa kifungu 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai. Nikachinja kuku. Kumbe ikiondolewa hivyo kabla hujaitwa kujitetea, umeachiliwa tu. Mashtaka yale yale yanaweza kurudi. Tulipokosana tena, yakarudi. Mlalamishi asimame MWENYEWE mbele ya hakimu, kabla ya uamuzi, aombe kuondoa malalamishi chini ya kifungu 204 cha sheria hiyo hiyo. Hakimu akiridhika, huna hatia, basi. Au awapatanishe kwa kifungu 176. Usitoke kabla hujasikia ni kifungu gani kimetajwa. Na fidia usiitoe mkononi kichochoroni. Tuma kwa M-Pesa, meseji uitunze.

5. Dai urudishiwe pesa zako za dhamana.

Maswali

*Boda254:* Si nimlipe tu asitokee kortini?
– Hapana. Kumzuia shahidi ni kosa jingine. Soma hatua ya 4.

*Boda254:* Nimesoma. Polisi si wanaweza kuifunga tu?
– Hujasoma.

*MamaPendo:* Hakimu anaweza kukataa?
– Anaweza, na umeuliza la maana. Kifungu 204 kinataka sababu za kutosha, kwa hiyo humhoji mlalamishi. Wangu aliulizwa mara tatu, "Nani amekutuma?" huku akikunjakunja kofia yake. Ibara ya 159 ya Katiba inahimiza upatanisho, lakini aliyetishwa akiguna tu, hakimu anasikia.

*Mkulima:* Je, wizi wa simu?
– Kifungu 176 hakigusi makosa makubwa, na wizi umehesabiwa humo. Jaribuni 204, hakimu ataamua.

*MamaPendo:* Risiti ya dhamana imefifia, haisomeki.
– Rudi kwa karani na namba ya kesi. Wengine, pigeni picha siku ile ile. Yangu niliiweka kwenye pochi, jasho likaila.