Wakili mpya wa serikali, anzia masijala

Ukikabidhiwa hati ya madai dhidi ya wizara, weka vitabu vya sheria pembeni kwanza. Tafuta muhuri wa mapokezi, maana siku zako za kujibu hutegemea ilipokelewa lini. Serikali nyingi hupewa nafasi zaidi: Tanzania, anayetaka kuishtaki serikali hutoa kwanza notisi ya siku 90, Marekani, serikali kuu ina siku 60 za kujibu madai, wakati mdaiwa wa kawaida kwa kanuni ya jumla ana 21. Nafasi hiyo huisha kimyakimya. Karatasi hupita kwa bosi huyu na yule, hulala kwenye trei ya aliye likizo, na siku zinahesabika tu. Kwenye daftari lako la kesi andika siku ya mwisho, na nyingine wiki moja kabla yake.

Halafu nenda mwenyewe masijala, ofisi inayotunza majalada. Barua ya kuomba "taarifa kamili" mimi siitegemei. Majibu yake huwa kurasa mbili za kusema taratibu zilifuatwa. Omba jalada lenyewe, na karani wa masijala msalimie vizuri, utamhitaji tena. Lisome kuanzia folio ya kwanza, yaani karatasi yenye namba moja ndani ya jalada, ukiangalia namba zinafuatana. Ukitoka folio ya 14 ukajikuta ya 17, chukulia kwamba wakili wa upande wa pili anazo nakala za hizo mbili. Soma hata vidokezo vya kalamu pembeni. Kama mkubwa fulani aliwahi kuandika "huyu anatudai kweli, alipwe", bora ukione leo ofisini kuliko kukisikia shahidi wako akiwa kwenye maswali ya dodoso ya wakili wa upande wa pili.

Baada ya jalada, mtafute aliyeshika kazi yenyewe: aliyepima kiwanja, aliyepokea mzigo, aliyekuwa akiendesha gari. Mkuu wa kitengo cha sheria ni mtu wa msaada, lakini hakuwepo. Kiapo aape aliyeona. Usiape wewe kuhusu mambo ya mgogoro wenyewe, utageuka shahidi katika kesi unayoiendesha.

Na kama jalada linaonyesha mdai ana haki? Andika maoni ya kisheria mapema, useme wazi: tutashindwa, na riba na gharama zitaongezeka. Wakubwa hawapendi kusoma hivyo, lakini kazi yako ni kuwaambia. Ila huko nje, wakili mwenzako akikuuliza koridoni kama mtalipa, usimpe hata nusu ya ahadi. Mwenye mamlaka ya kusuluhisha si wewe, subiri kibali cha maandishi.

Mahakamani, amri iandike neno kwa neno. Siku hiyohiyo wizara ipate barua: mahakama imeamuru nini, nyaraka gani zinatakiwa, nani azilete, lini. Nakala iingie kwenye jalada, na ipewe namba ya folio.